Bonde Alilolikwepa Fundi

Kesi zake zote za nyuma Bi Kulikoni alizimaliza akiwa amekaa. Kituoni walimjua hivyo: mpelelezi mnene wa sauti ndogo, kiti chake kando ya dirisha, chai inapoa mezani, naye anapachika swali juu ya swali mpaka mtuhumiwa aseme mwenyewe ili apumzike. Jina hilo walimbandika wenzake, wala hakulikataa. Kuuliza si ujinga.

Kesi hii ilimng'oa kitini. Mrina asali mmoja aliingia msituni kiangazi kilipoanza, hakutoka. Kila asubuhi mkewe aliketi kwenye benchi la korido, mkoba mapajani. "Hai au maiti, nirudishieni," alisema. "Nimechoka kutojua kama nilie au ningoje."

Mtu wa mwisho kuonekana na mrina alikuwa kaka wa mama huyo, fundi cherehani, naye alishikilia neno moja tu: msituni hajawahi kutia mguu. Dada yake alimtetea. "Huyu, afande, hata kuni ananunua."

Kipande cha shati kilipoonekana pembezoni mwa msitu, Bi Kulikoni alimpeleka fundi pale pale akitambue. Naam, mshono ulikuwa wake; shati alimshonea shemeji yake. Wangeishia hapo, lakini Bi Kulikoni na kiherehere chake akaona tawi limevunjika mbele, akalifuata. Akaona jingine, akalifuata, fundi nyuma yake akilalamikia viatu. Walipogeuka, kila mti ulikuwa pacha wa mwenzake, na simu haikushika mtandao.

Walilala chini ya mti. Asubuhi chupa ya maji ilikuwa tupu, na jua halikuwa na huruma. Bi Kulikoni aliogopa, tena sana, ila hofu haikumzuia kumtazama mwenzake. Kila alipotaka washuke bondeni, ambako miti ilikuwa mibichi, fundi alimvutia upande wa pili.

"Huko kuna nyoka, afande."

"Umejuaje?"

"Nahisi tu."

Mtu asiyejua msitu, anajuaje nyoka wanakaa bonde gani? Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini hii iliwazungusha kutwa nzima. Alasiri miguu ya Bi Kulikoni ikagoma, akaanguka.

Fundi alikaa karibu naye muda mrefu, akiangalia bondeni. Kisha akainuka, akaenda. Bi Kulikoni hakuwa na nguvu ya kumwita. Amekwenda zake, aliwaza, na kilichomuuma zaidi ya kiu ni kwamba atakufa bila kujua. Ndipo alipomwelewa yule mama wa kwenye benchi.

Mara akasikia majani yakivunjika. Fundi alirudi kifua wazi, shati lake mkononi likichuruzika maji.

"Umeyatoa wapi?"

"Kunywa kwanza, afande. Ukishakunywa, uniulize."

Akamkamulia mdomoni. Bi Kulikoni alikunywa kwa pupa, macho hayambanduki mwenzake. Fundi hakungoja kuulizwa.

"Chini ya mwamba kuna chemchemi. Shemeji ndiye aliyenionyesha. Yuko hapo, nimemfunika mawe. Na kutoka hapo njia ya kurudi naijua."

"Ulimuua?"

"Nilimfuata huku kumkanya asimpige tena dada yangu. Akanicheka, akapanda mzingani, akaanguka, akavunjika mguu. Akaniomba maji. Nikamwambia atambae akayachote mwenyewe, nikaondoka." Alilikunja lile shati, akalikunjua. "Kesho yake moyo ulinisuta, nikarudi. Nikakuta ametambaa kweli."

Bi Kulikoni alijua swali linalofuata halimhusu hakimu wala jalada. Hata hivyo aliliuliza, maana ndivyo alivyoumbwa.

"Alibakiza umbali gani kuyafikia maji?"

Fundi alitazama ardhi iliyokuwa kati yao, akaipima kwa macho.

"Kama kutoka hapa nilipo," alisema, "mpaka hapo ulipo wewe."