Miwani ya Wakubwa

Madrid ya wakati ule, mtu mkubwa alijulikana kwa miwani. Kadiri vioo vilivyokuwa vipana, ndivyo watu walivyompisha njiani, hata kama macho yake yalikuwa mazima kabisa. Ordoño de Luján alikuwa na macho mazima, kiburi kingi, na miwani nzito iliyotengenezwa kwa ajili ya padri mzee asiyeona hata kikombe chake mwenyewe.

Adhuhuri moja, mbele ya kanisa, bwana mmoja aitwaye Mendaro alimzaba kofi akamwita mwana wa mshona viatu. Watu wakaangua kicheko. Kofi la namna hiyo huoshwa kwa damu, la sivyo ukoo mzima hautazamiki tena. Basi Ordoño na Mendaro wakateremka mtoni na panga zao.

"Kaka, vua hiyo miwani," alisema Ginés, mdogo wake. "Huoni hata vidole vyako."

"Nyamaza! Nikiivua watasema nimeshuka cheo."

"Cheo gani, wewe? Si umeinunua juzi tu!"

Mendaro alisikia. "Mheshimiwa, niko huku! Hicho ni kichaka!"

Ordoño akamrukia kwa hasira. Aliona ukungu na vivuli vyeusi, maana Madrid nzima ilivaa nyeusi. Upanga wa Mendaro ukamchana shavu, ukamkata sikio, damu ikamjaa mdomoni. Ginés hakuvumilia, akajitupa katikati kuwaachanisha. Ordoño akaona kivuli kinamjia, akakidunga kwa nguvu zake zote mpaka upanga ukagota mfupani.

Kivuli kikalia kwa sauti ya Ginés.

Akaitupa miwani. Mdogo wake alikuwa chini mchangani, kashika tumbo, matumbo yakimponyoka vidoleni. Mendaro alikuwa ameangusha upanga wake, mikono kichwani.

"Nani kanichoma, kaka? Sikuona."

Ordoño alimpenda Ginés kuliko alivyojipenda mwenyewe, na hakuweza kumwacha afe akilijua hilo. "Mendaro," alisema.

"Mwongo!" Mendaro alipiga kelele. "Ni yeye, Ginés! Ni yeye!"

Lakini Ginés alikuwa akimwamini kaka yake tangu utotoni. "Basi muue, kaka. Nione."

Ordoño akainuka. Mendaro alirudi nyuma akiinua viganja vitupu. Safari hii hapakuwa na ukungu: Ordoño aliliona jasho juu ya mdomo wake, akayaona macho yakimwomba. Akamchoma kooni, akamchoma tena. Alipogeuka kumwonyesha Ginés, Ginés alikuwa ameshakufa.