Shaba ya Mguu wa Domitila

Alhamisi asubuhi Klotilda Banako alimshika bintiye mkono wakavuka mto kwenda shule, kama walivyovuka Jumatano. Maji yalikuwa ya buluu na yaliwafika magotini. Walipofika ng'ambo, Klotilda alifungua chupa ya maji ya mvua, akamwosha mtoto miguu, akamfuta kwa upindo wa nguo yake, kisha akavitazama vidonda. Cha kwenye kifundo kilikuwa kimepanuka. Domitila alikuwa na miaka tisa na hakuwahi kulala usiku mzima bila kujikuna.

Mto ulitoka mgodini. Mgodi wenyewe ulifungwa kabla Klotilda hajaolewa, lakini vifusi vilivyoachwa huko juu viliendelea kutoa shaba kila mvua iliponyesha, na katika milima ile ya Bougainville mvua hunyesha kila siku baada ya saa nane. Daraja hakuna. Shule iko ng'ambo, mashamba ya viazi vitamu yako ng'ambo, na ardhi ya pande zote mbili ni ya Klotilda, aliyeirithi kwa mama yake, naye mama kwa mama yake.

Watu wa bonde walikuwa wameandika barua miaka mitatu wakitaka mto usafishwe. Mwishowe Kampuni iliyochimba mgodi ule ilijibu kwamba wakaguzi watakuja mwezi wa nane kuziangalia ngozi za watu. Wakiona vidonda, mto utasafishwa. Mwezi wa sita Kampuni ikaleta krimu ya kupaka.

Ililetwa kwa heshima zote. Chini ya bati la shule walifungwa nguruwe wawili, yakapangwa magunia ya mchele, zikatandikwa shanga za kombe, na pembeni yakawekwa masanduku ishirini ya tyubu nyeupe. Raimond, kijana wa kisiwa jirani cha Buka aliyeajiriwa kuisemea Kampuni, alisimama akaeleza kwamba shaba iliyomo kwenye tyubu ilichimbwa mlima huuhuu enzi za babu zao, ikasafirishwa ng'ambo ya bahari, na sasa imerudi nyumbani. Inafanya ngozi kuwa imara na yenye kung'aa.

"Miaka yote hiyo imekwenda kuoga tu?" aliuliza Eugenia, jirani ya Klotilda, na watu wakacheka.

Nesi Wendelin wa zahanati alichukua tyubu moja akaisoma pande zote.

"Si uongo," alisema. "Shaba kidogo mwili unaihitaji. Inasaidia ngozi kujishona. Ila ikizidi inachoma, na ngozi ikiwa wazi inapenya ndani. Sasa nyie mtapaka shaba kidogo asubuhi, halafu mchana mtatumbukia kwenye shaba nyingi. Hapo mimi sijui hesabu yake."

"Nesi, leo ni siku ya furaha," alisema Raimond.

Tavora, kaka yake Klotilda, ndiye aliyepokea kwa niaba ya ukoo. Alitafuna popoo pamoja na Raimond, wakatema mate mekundu mahali pamoja. Huko hakuna mtoto asiyejua maana yake. Zawadi ile huitwa kupoza tumbo. Tumbo la aliyekosewa likishapoa, ndipo watu huketi na mazungumzo huanza. Tavora alisema, "Asante," na Raimond akaliandika neno hilo kwenye daftari lake, akaweka na tarehe.

Krimu ilifanya kazi. Usiku wa kwanza Domitila alilala mpaka jogoo alipowika, na Klotilda alikaa kando ya mkeka akimtazama, machozi yakimtoka. Baada ya wiki kidonda cha kifundo kilikuwa kimefunga. Kilifunga kwa shaba. Palikuwa na kibamba chekundu, laini, ukubwa wa kifungo cha shati, na ukikigonga kwa ukucha kinalia.

Kwa Eugenia kilianzia kwenye muundi. Kwa wengine magotini, kwenye vidole, nyuma ya mapaja. Kila palipokuwa na kidonda pakawa na shaba. Wasichana walikuwa wakimwomba Eugenia anyooshe mguu ili wajitazame wakisukana.

"Ebu tulia, shoga, we si sufuria sasa? Sufuria haitingishiki," alisema mmoja wao.

"Sufuria ya kwako ina masizi," alijibu Eugenia. "Mimi nimesuguliwa."

Mvua ilipoinyeshea, shaba iliota ukijani, ikabidi isuguliwe kwa jivu na ndimu. Mzee mmoja wa bondeni, aliyejipaka mara tano kwa siku, magoti yaligoma kukunjika, akawa anakula chakula chake amesimama. Hayo yalionekana ni mambo ya kuzoea.

Klotilda hakujipaka. Alikuwa na kidonda kimoja kikubwa chini ya goti la kushoto, na alikitunza kwa ajili ya wakaguzi.

"Unajitesa bure," Tavora alimwambia. "Jipake upumue."

"Wote tukipona, kaka, watakagua nini?"

"Watakagua shaba. Mtu ana shaba mwilini, wataacha kuuliza imetoka wapi?"

Jioni ile Domitila alimwita kutoka kwenye mkeka.

"Mama, kinawasha."

"Wapi?"

"Kilekile. Ndani. Nikikuna nakuna bati."

Alimpeleka kwa Wendelin. Nesi alikigonga kibamba, akaweka sikio, akasikiliza kwa muda. Kidonda kilikuwapo chini yake, bado kibichi. Alifungua daftari lake, lenye safu mbili tu, moja ya vidonda vilivyo wazi na nyingine ya vilivyofunga. Alishika kalamu muda mrefu, kisha akalifunga daftari bila kuandika.

Wakaguzi walikuja watatu mwezi wa nane, kama ilivyoahidiwa. Watu walipanga foleni chini ya bati la shule. Mkaguzi mkuu, mama mpole mwenye miwani, alipita akigonga miguu kwa kalamu, na kila mguu ulitoa sauti yake. Mwenzake alikuwa akiandika. Ngozi imara. Ngozi yenye kung'aa. Vidonda vya wazi, hakuna.

Klotilda alipandisha nguo akaonyesha chini ya goti.

"Dawa ulipewa?" aliuliza mama wa miwani.

"Nilipewa."

"Ulitumia?"

"Hapana."

Ikaandikwa: mmoja, amekataa tiba.

"Mwanangu anacho pia. Kimefunikwa."

"Kilichofunikwa, dada yangu, sikioni."

"Basi andika mto. Mto unauona."

"Mto haumo kwenye fomu. Leo tunakagua ngozi."

Tavora alisogea mbele. Alisema kwamba tumbo limeshapoa, na sasa ukoo uko tayari kuanza kusema. Raimond alifungua daftari lake kwenye ile tarehe.

"Mjomba, mlishasema. Mlisema asante."

"Ile ni kufungua mlango, na wewe unajua. Mama yako ni wa huku."

Raimond alitazama viatu vyake. "Kule walikonituma wanaiita kufunga," alisema.

Mkaguzi wa tatu alisogea kwa Domitila. Alikuwa na kifaa kama tochi, akakiweka kwenye kifundo cha Domitila, kikatoa namba. Alirudia mara mbili. Shaba ile ilikuwa safi kuliko ya mlimani. Alitoa karatasi akasoma kwamba shaba yoyote ipatikanayo ndani ya eneo la leseni ni ya Kampuni, na kwamba mpaka utaratibu utakapopangwa, wakazi wanaombwa wasiichonge, wasiiuze, wala wasitoke nayo nje ya kisiwa bila kibali.

"Na mtoto?" aliuliza Klotilda.

"Mtoto ni wako," alijibu yule bwana kwa upole. "Ni shaba tu."

Klotilda alimvuta Domitila kwake akaishusha nguo yake ikamfunika mtoto mguu. Hakuna aliyemzuia. Namba ilikuwa imeshaandikwa.

Jumatatu walivuka mto kwenda shule. Maji yalikuwa ya buluu na yaliwafika magotini. Ng'ambo, Klotilda alimwosha bintiye kwa maji ya mvua, akasugua kibamba kwa jivu na ndimu, kisha akaosha kidonda chake mwenyewe na kukifunika kwa jani la mgomba. Hakijapona. Anahakikisha kila siku.

Jioni, Domitila alipoanza kulia, mama yake alichukua kijiko akawa anakigonga kibamba taratibu, maana mtikisiko hufika mahali ambapo ukucha haufiki. Mtoto akanyamaza. Nyumbani kwa Eugenia nao walikuwa wakigonga, na nyumba iliyofuata, na kando yote ya mto mpaka chini bondeni, vijiko kwenye shaba, kila jioni mpaka watoto walale.

Raimond aliisikia milio hiyo alipoleta masanduku mengine ishirini. Kwenye ripoti aliandika kwamba wananchi wa bonde wana moyo mkunjufu na wanapenda muziki.