Risasi na Baruti za Bi Valeria

Mohinder Singh alikuwa ametimiza miezi mitano London bila kunusa baruti, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa sawa na mpishi kukaa miezi mitano bila kusikia harufu ya kitunguu. Kwa miaka thelathini na mbili alikuwa fundi wa bunduki mjini Nakuru. Leseni ya duka ilipokataliwa mara ya pili, yeye na mkewe Gurmit walifunga masanduku, wakapanda ndege, wakashukia kwenye baridi ya Januari 1973. Walipanga vyumba viwili Walthamstow, juu ya chumba cha kondakta mmoja wa basi, Mzanzibari aliyeitwa Talib. Mohinder akapata kazi katika kiwanda cha brashi. Kutwa alitoboa matundu kwenye vipande vya mbao, matundu mia na nane kila brashi, na jioni alirudi nyumbani kimya.

Jumamosi moja ya Juni, saa tisa alasiri, alikuwa ameketi ghorofa ya juu ya basi la Talib, akitoka kununua viatu. Ghafla pua yake ikashtuka. Akainua kichwa. Akanusa tena, akasimama.

"Fundi, kaa kitako, tunakata kona!" Talib akamwambia kwa Kiswahili, mashine ya tiketi ikimning'inia kifuani.

"Talib, humu ndani kuna baruti."

Talib alitazama abiria kushoto na kulia. Mwaka ule mabomu yalikuwa yamelipuka mjini, na watu walitazama hata mfuko wa viazi kwa jicho baya. "Usilitaje neno hilo ndani ya basi langu, Mzee wangu! Bahati yetu hawa hawajui Kiswahili."

Lakini Mohinder alikwisha ondoka. Alikwenda kiti kwa kiti, akiinama kidogo, mabega ya watu yakijikunyata alipopita, mpaka akafika kiti cha mbele kabisa. Hapo alikaa mwanamke wa Kizungu wa miaka sitini hivi, mrefu, masizi shavuni, na mfuko mrefu wa turubai katikati ya magoti yake. Alinuka kama yai viza. Kwa Mohinder ilikuwa harufu ya asubuhi zote za ujana wake.

"Samahani, mama," alisema kwa Kiingereza. "Leo umepiga bunduki ya kushindilia kwa mdomoni."

Mwanamke akamtazama kilemba, akamtazama macho. "Mara kumi na mbili," akasema. "Na hata karatasi ya shabaha sikuigusa."

Hivyo ndivyo walivyojuana. Jina lake lilikuwa Valeria, daktari wa meno aliyestaafu. Alieleza mambo yake kwa kasi, kana kwamba alikuwa akingoja mtu wa kumuuliza. Mwezi wa Septemba angekwenda milima ya Marekani pamoja na kaka yake, Douglas, kuwinda elki. Huko walikokuwa wakienda ziliruhusiwa siku chache tu za kuwinda kwa gobori, na yeye alitaka kutumia gobori la babu yake. Douglas ndiye aliyemfundisha kulishindilia.

"Amekwambia utie baruti kiasi gani?"

"Greni mia na ishirini."

Greni ni kipimo kidogo cha wauza dawa na mafundi wa bunduki. Kijiko cha chai kilichojaa hubeba kama sabini hivi. Mohinder akameza mate. "Na risasi?"

"Ya mviringo. Kama gololi."

Alifumba macho kama tabibu aliyeambiwa kuwa mgonjwa amenyweshwa mafuta ya taa. Wakazungumza mpaka kituo cha mwisho. Walikuwa wamepitiliza nyumba zao zote mbili, na Talib ikambidi awarudishe bila nauli.

*

Jumapili Mohinder alikwenda nyumbani kwa Bi Valeria. Talib alifuata, kwanza kwa sababu hakuwa na zamu, pili kwa sababu asingekubali jambo kama lile asimuliwe tu.

"Hebu nieleze, Fundi," aliuliza njiani. "Huyo elki ni mnyama gani?"

"Ni jamii ya paa, lakini jitu. Dume lina pembe kama matawi ya mti. Kwa ukubwa linakaribia pofu."

"Kipofu?" Talib akasimama katikati ya njia. "Sasa kama haoni, mbona inakuwa kazi kumpiga?"

Mohinder akaanza kumweleza kwamba pofu ni mnyama wa porini kule bara, mkubwa kama ng'ombe, lakini hakufika mwisho wa sentensi. Kicheko kilimshika tumboni, kikapanda, kikamtoa machozi, akajishikilia kwenye uzio wa watu. Hakuwahi kucheka hivyo tangu Nakuru. Talib alipoelewa, naye akachutama pale pale, na mbwa wa nyumba ile akawabwekea wote wawili.

Bi Valeria alikuwa ameweka gobori juu ya meza ya jikoni, juu ya taulo safi. Lilikuwa la Kiingereza, la zaidi ya miaka mia, mtutu mzito, kitako cha mti wa jozi. Mohinder alinawa mikono kabla ya kuligusa. Akachukua ufito wa kusafishia, akaufunga kitambaa kwenye ncha mpaka ukabana, akautia alama ya chaki, akausukuma polepole ndani ya mtutu. Mifereji ya ndani ikaushika ule ufito ukaanza kuzunguka wenyewe.

"Tazama chaki," alisema. Kabla ufito haujaingia urefu wa mkono mmoja, alama ilikuwa imekwisha fanya duara kamili. "Mifereji hii imejipinda sana. Risasi ya gololi inataka mfereji uliojipinda kidogo tu, tena taratibu. Humu ndani, ukiisukuma kwa greni mia na ishirini, inaruka mifereji badala ya kuifuata. Inatoka kama mlevi anayetoka mlangoni."

"Kwa hiyo si macho yangu?" Bi Valeria akauliza.

"Macho yako hayana kosa, mama. Bunduki hii iliumbwa kwa risasi ndefu."

Bi Valeria akapiga ukelele, akakimbilia stoo, akarudi na sanduku la babu yake. Chini ya matambara mlikuwa na kalibu mbili za chuma za kusubu risasi. Moja ilitoa risasi ndefu yenye shimo kwenye makalio. Nyingine ilitoa risasi ndefu zaidi, iliyojaa, nzito karibu mara mbili ya gololi. Mohinder aliinua ile ya pili kuelekea mwanga wa dirisha. Talib aliapa baadaye kwamba aliibusu.

"Lakini sisi hatuamini maneno," Mohinder akasema. "Tutaziuliza zenyewe zote tatu. Tunataka magazeti. Mengi."

*

Hapo ndipo Talib alipopata cheo. Kwa wiki tatu alikusanya kila gazeti lililoachwa kwenye basi lake. Makondakta wenzake walipopata habari wakaanza kumletea na yao, bila kujua ya nini. Mmoja alidhani Talib anasoma sheria. Chumba chake kikajaa hadi dirishani.

Juu, Gurmit alimsikia mumewe akipiga mluzi anapokata kucha. Hakumuuliza kitu. Lakini alipoona anapekua kabati akitafuta mafuta ya kondoo ya kuchanganya na nta ili apake risasi zisikwaruze mtutu, alimtoa jikoni kwa kijiko cha mbao.

"Mafuta ya kondoo hakuna. Tumia samli."

"Gurmit, hii ni risasi, si chapati."

"Samli inalainisha kila kitu. Imekulainisha na wewe."

Akachanganya mwenyewe, nta sehemu mbili na samli sehemu moja, akajaribu ugumu wake kwa kidole kama anavyojaribu unga. Mohinder alionja ule mchanganyiko kwa kidole chake. Ulikuwa mzuri kuliko aliokuwa akiutengeneza Nakuru.

Jumamosi ya mwisho ya Julai wote wanne walijibana ndani ya gari la Bi Valeria, magazeti yakiwa yamefungwa juu, wakaenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha pembezoni mwa mji. Douglas aliwakuta huko. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti, si mbaya, ila aliyezoea kuaminiwa. Akatazama kilemba, akatazama sare ya kondakta aliyoivaa Talib kwa zamu ya jioni, akatazama kikapu cha chai cha Gurmit.

"Valeria," akasema, "elki si sungura. Unataka nguvu. Jaza baruti mpaka bunduki ilalamike."

"Bunduki haikulalamika," akajibu dada yake. "Bega langu ndilo lililolalamika."

Wakaloweka magazeti kwenye mapipa, wakayapanga kama ukuta, mfano wa mwili wa mnyama. Kwanza gololi. Ilipiga, maji yakaruka, na Talib akaenda kuitafuta akifunua kurasa zilizoloa. Akaikuta karibu, imekuwa bapa kama shilingi. Kisha ile yenye shimo: ilipasuka makalio, vipande vitatu, kila kimoja njia yake. Mwisho ile ndefu iliyojaa. Talib alifunua, akafunua, akapita magazeti ya Jumatatu mpaka ya Alhamisi, akatoka upande wa pili na risasi kiganjani, ncha yake imechanua kama uyoga lakini mwili wake u mzima.

"Ndiyo hii!" akapiga kelele kwa Kiswahili, viganja vimejaa wino. "Fundi, ndiyo hii, wallahi!"

"Mnyama wa uzito ule ana bega nene," Mohinder akamweleza Bi Valeria. "Gololi ingekwama kwenye nyama. Ile nyingine ingemjeruhi tu, akaenda kuteseka msituni. Hii inavuka mfupa na kufika moyoni. Sasa tuitafutie baruti yake."

Wakarudi nyuma hatua mia kutoka kwenye karatasi ya shabaha. Bi Valeria alianza na greni sitini, risasi tatu, na kila baada ya mlio Mohinder akafuta mtutu kwa kitambaa kibichi ili masizi yasidanganye. Gurmit, aliyechoka kusikia hesabu za inchi, alitoa vyombo vyake vya chai na kwenda navyo kwenye shabaha. Matundu matatu ya greni sitini yalifunikwa na sahani ya wali. Ya greni sabini, na sabini na tano, sahani ya keki. Ya themanini, kisahani cha kikombe.

"Ongeza tano," Mohinder akasema.

Bi Valeria akapima greni themanini na tano, akamimina, akashindilia risasi kwa ule ufito wa gobori wanaouita mdeki, taratibu, mpaka mdeki ukafika kwenye alama yake. Akaweka fataki ya kuwashia baruti. Moshi mweupe ukawameza. Uwanja mzima ukanuka kiberiti na chapati za moto, na wapigaji wa mbali wakageuza pua. Mara tatu. Gurmit alikwenda kwenye shabaha, akageuza kikombe mdomo chini, akakibandika juu ya karatasi. Matundu yote yakapotea ndani yake.

Kisha Bi Valeria akaruka juu kama msichana wa shule.

"Ongeza zaidi!" Douglas akasema. "Kama themanini na tano ni nzuri, mia itakuwaje?"

Mohinder hakubishana. Wakatia tisini: kisahani. Wakatia mia: Gurmit akarudi na sahani ya wali, akajaribu, akatikisa kichwa, akaomba sinia. Talib akaketi chini kwenye nyasi kwa kucheka.

Douglas alisimama mbele ya karatasi muda mrefu. Halafu akavua kofia. "Bwana Singh," akasema, "miaka arobaini nimekuwa nikipoteza baruti." Akampa mkono, na mtunza uwanja, aliyekuwa amesogea kutazama, akamuuliza Mohinder kama angeweza kuja kila Jumamosi. Walikuwa na bunduki kumi na nne za zamani zilizokosa mtu wa kuzitengeneza, na chumba kitupu chenye meza ya fundi. Mohinder alitaka kujibu kwa adabu, lakini Kiingereza chote kilimtoka kichwani. Akajibu kwa Kiswahili, "Hata kesho," na Talib akatafsiri.

*

Jumapili moja ya Septemba, saa kumi na moja jioni, simu ya ukumbini ililia. Talib aliipokea, akasikia mvumo kama wa bahari, kisha sauti ya Bi Valeria kutoka ng'ambo ya dunia. Akaita juu ngazini kwa nguvu zote. Mohinder alishuka na soksi moja.

"Hatua sitini na tano!" Bi Valeria alikuwa akipiga kelele. "Alfajiri, kwenye ukungu, akatoka mitini akilia kama filimbi. Nilingoja mpaka akageuka ubavu. Greni themanini na tano, bwana Singh! Alikwenda hatua kumi, akalala. Sikumtesa. Hakuteseka hata kidogo!"

Mohinder alitaka kuuliza upepo, baridi, kama fataki ilishika mara moja, lakini akayaacha yote. "Vizuri, mama," alisema tu. "Vizuri sana." Talib alikuwa amekwisha mshika mkono wa pili na kuanza kucheza naye ukumbini, kondakta na fundi, soksi moja ikiteleza kwenye sakafu, waya wa simu ukiwazunguka miguuni.

Gurmit alikuja akifuta mikono yake kwenye aproni na kumnyang'anya mumewe simu.

"Valeria? Mimi Gurmit. Nyama ya bega mnayo? Basi usimwachie Douglas aichome. Chukua kalamu. Vitunguu sita. Sita, nimesema! Tangawizi kubwa kama kidole gumba…"

Bi Valeria, kule milimani, akamwomba angoje kidogo atafute karatasi.