Kahawa ya Kinyozi

Bi Sindano alikuwa akisema, tena bila kuulizwa, kwamba hakuna kitu kilichosagwa chini ya jua ambacho pua yake haikitambui. Mfunge kitambaa machoni, mpitishie kahawa, mtama, pilipili manga au ugoro, atakutajia kimoja kimoja bila kukosea.

"Labda niwe na mafua," alikuwa akiongeza, huku akipenga. "Na mafua ninayo tangu nianze kushona mablanketi."

Jina la Sindano alipewa kwa ajili ya ushonaji, na wanaomfahamu zaidi walisema ni kwa ajili ya mdomo. Chumba chake cha mbele ndicho kilikuwa karakana. Cherehani ilikaa dirishani, na kamba ya magauni yaliyokamilika ilikatiza chumba kutoka ukuta hadi ukuta, hata mgeni akiingia humwoni mpaka aombe njia kwa magauni.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na ndoa yao Bi Sindano aliila kama mgonjwa anavyokula uji: leo kijiko, keshokutwa kijiko. Dereva akirudi, analala, anaoga, anaondoka. Mama wa watu akajisemea, haya, siku atakapostaafu nitampata mzima. Siku hiyo ilipofika, alimshonea mto mpya, akauweka kwenye kiti karibu na cherehani, ili mume akae pale alasiri apige soga huku yeye akipinda mikono ya mashati.

Mto ukakaa peke yake. Dereva akishakula chakula cha mchana tu, huyo, mtaa wa pili, kwa rafiki yake kinyozi. Harudi mpaka vivuli virefuke.

"Kwani kwa kinyozi kuna nini?" Bi Sindano alimuuliza siku moja. "Kichwa chenyewe kimebaki kama yai."

Dereva alikuwa amekwisha kushika kitasa cha mlango. Neno likamtoka kama kifungo kwenye shati lililobana.

"Kahawa."

"Kahawa?"

"Kahawa, mama watoto. Kinyozi anajua kahawa, we acha tu."

Ilimchoma. Hata nyumbani kahawa ilikuwepo! Bi Sindano alinunua buni iliyokaangwa, akaitwanga kinuni yote kwa mpigo, akaijaza kwenye kopo, na ikakaa humo hadi iishe. Aliichemsha kwenye sufuria, akaichuja kwa kipande cha bitana. Ni kweli ilikuwa na chenga. Dereva aliwahi kusema kwamba kahawa ya nyumbani unaweza kuinywa na kuitafuna kwa bei moja, lakini alisema akicheka, na mkewe alidhani ni sifa.

Siku hiyo alishona hadi uzi ukamkatikia mara kwa mara. Kama mume anafuata kahawa, akaamua, basi kahawa yenyewe itahamia hapa. Na mume ataifuata.

Jioni alianza kumhoji.

"Huyo kinyozi wako, kahawa anaitwanga?"

"Kutwanga? Aah! Anasaga," Dereva alijibu, na kwa kuwa mkewe alikuwa bado anamtazama, akaendelea. "Anasaga palepale, mbele yako. Kikombe chako, usagaji wako."

"Mashine ya umeme?"

"Ya mkono. Inalia krrr, krrr."

"Na anaipikia nini?"

"Birika."

"Birika gani, baba watoto? Mabirika yako mengi kuliko wakwe."

"La kioo," alisema Dereva. Alikuwa amelitazama dirisha tu.

Sasa Bi Sindano alikuwa fundi, na fundi haigi nguo kwa kusimuliwa. Mteja akitaka gauni kama la shoga yake, alete gauni la shoga yake. Kwa hiyo akamwambia mumewe kesho aombe unga kidogo kwa kinyozi, hata wa kubana kwa vidole viwili, ili yeye aupeleke dukani kama sampuli. Dereva alijikuna upara. Kesho yake alikuja na kipande cha gazeti kilichokunjwa, ndani yake mna unga. Bi Sindano alinusa kwa heshima zote.

"Unajua," akasema, "mtu ukinusa hivi unaona kabisa kwamba hii ni nyingine."

"Si nilikwambia?" alisema Dereva, na akaenda kuangalia kama lango limefungwa.

Duka lilikuwa la vyombo vya jikoni, na muuzaji alikuwa binti mwenye kucha ndefu ambazo hazikumzuia kufungua boksi lolote. Bi Sindano akafunua gazeti juu ya meza ya kioo.

"Mwanangu, nataka chombo kinachotoa hivi."

Yule binti alisambaza unga kwa ncha ya ukucha. Akanusa, akakunja uso.

"Mama, usinielewe vibaya. Huu haukusagwa, umetwangwa. Ona, hapa vumbi, hapa mawe. Na ni wa siku nyingi."

"Hebu!" Bi Sindano alishika kiuno. Kumbe kinyozi naye anatwanga kwa siri kisha anajisifia mashine! Ikampendeza sana. Mpinzani mwenye kasoro anashindika. "Basi tumuache huyo na uongo wake. Nipe kizuri kuliko chake."

Binti akampangia vyombo mezani. Akaanza na mashine ndogo ya umeme, nzuri kwa macho, yenye kisu kinachozunguka ndani kama feni. Akatia buni, akabonyeza, ikapiga kelele, ikanyamaza. Bi Sindano akachukua unga, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kama apimavyo kitambaa.

"Hii inakata ovyo. Kama mkasi butu."

"Ndiyo hivyo, mama. Kisu hakichagui. Punje moja inakuwa vumbi, jirani yake imebaki nusu. Vumbi linatoa uchungu haraka, zile nusu hazitoi kitu, na wewe unavinywa vyote kwenye kikombe kimoja." Akashusha kingine, cha mkono, mfano wa mkebe mrefu wenye mpini juu. "Hiki kina meno mawili ya chuma yanayokabiliana. Punje haipiti mpaka itoshe kwenye upenyo. Ukitaka laini unabana hapa chini, ukitaka chenga unalegeza."

Bi Sindano alizungusha kile kigurudumu cha chini, kikalia tik, tik. Akatabasamu kama aliyekutana na ndugu. Kwenye cherehani yake kulikuwa na kigurudumu kama hicho cha kupimia urefu wa mshono.

"Ila kinataka mkono," binti alimwonya. "Unazungusha mpaka uchoke."

"Mwanangu, mkono huu umeshona mji mzima. Twende kwenye birika."

Hapo walikaa sana. Lilikuwepo birika la chuma la vyumba viwili, maji chini, kahawa juu, unaliweka jikoni linapandisha lenyewe. Kahawa yake kali, binti alisema, hata ya kumwamsha jirani. Bi Sindano aliligeuza, akaliona dogo na lenye hasira, akalirudisha. Ilikuwepo pia faneli ya udongo inayokaa juu ya kikombe, unatia karatasi ya kuchujia, unamimina maji kidogo kidogo.

"Karatasi zikiisha?"

"Unanunua nyingine."

"Kila mara?"

"Kila mara, mama."

"Hiyo ni kama mume wa kubembelezwa. Mmoja ananitosha."

Likabaki birika la kioo lenye chujio la kusukuma kwa juu. Unatia kahawa ya chenga, unatia maji yaliyopumzika kidogo baada ya kuchemka, unasubiri, unasukuma chini taratibu. Halina karatasi, halina umeme. Na ni la kioo, kama alivyosema Dereva. Hilo ndilo lililomaliza shauri.

"Ukiwa na kidogo cha kutumia," binti alisema wakati akifunga, "kitumie kwenye kisagio kwanza, birika linaweza kungoja. Na buni saga ya kikombe chako tu. Usijaze kopo."

Bi Sindano alijifanya anapenga.

Mara ya kwanza alibana kigurudumu mpaka mwisho, maana alidhani laini ndiyo bora, kama hariri. Unga ukatoka kama poda ya mtoto. Alipojaribu kusukuma chujio, likagoma. Akasukuma kwa kiganja, likagoma. Akasimama, akalilalia kwa kifua, nalo likamrushia kahawa hadi kwenye kalenda ya ukutani. Mshukuru Mungu magauni yalikuwa mbali. Alifuta, akacheka peke yake, akalegeza tik moja, akajaribu tena. Tope. Akalegeza tena. Alifanya vile fundi afanyavyo akipewa kitambaa kigeni: anashona kwenye vipande vya kutupa kwanza, anatazama mshono, anarekebisha. Mpaka siku moja chujio likashuka taratibu kama mtu mzima akikaa kitini, na kahawa iliyotoka ilikuwa safi, nzito, na hata pua yenye mafua iliisikia.

Akaiwahi ile saa ya Dereva kushika kitasa.

"Kaa. Onja."

Dereva alionja. Akaonja tena, akamaliza, akasogeza kikombe kiongezwe. Bi Sindano akaanza kupiga cherehani polepole ili amsikie atakachosema.

"Nzuri," alisema Dereva. Kisha kama aliyekumbuka kitu, "Nzuri, nzuri. Ila ya kinyozi ina... ina kitu fulani."

"Kitu gani?"

"Siwezi kukuelezea." Akavaa viatu, akaenda zake.

Siku hiyo alirudi mapema mno, macho mekundu, amenuna. Kesho yake vivyo hivyo. Bi Sindano akaona ushindi unakuja, akamwongezea kipimo. Siku iliyofuata Dereva akakisukuma kikombe pembeni.

"Kahawa yako hii, mama watoto, haipatani nami. Nitakunywa kule kule."

Akatoka. Kahawa ikapoa mezani karibu na mto. Bi Sindano aliketi akaitazama, mguu juu ya kanyagio la cherehani, bila kukanyaga. Kazi mbaya ungeweza kuifumua na kuirudia. Hii ilikuwa nzuri, na bado ilikataliwa, sasa ufumue nini?

Alilofanya ni lile ambalo angepaswa kulifanya tangu mwanzo. Alikuwa na makoti ya kazi ya kinyozi, bado kupimwa mikono. Akamtumia salamu aje ayajaribu, na aje alasiri.

Kinyozi alikuja, mtu mpole, mwenye harufu ya sabuni, akainama kupita chini ya magauni.

"Shemeji, hodi. Nimefunga mlango nusu, nimeacha mlinzi."

"Karibu, shemeji. Kabla ya koti, kunywa kwanza hii." Alikuwa amekwisha kusaga. Akamwekea kikombe mbele. "Uniambie ukweli, usinionee haya. Inapungukiwa nini hata ishindwe na yako?"

Kinyozi alikitazama kikombe kama mtu aliyeletewa mtoto wa mwenzake.

"Yangu ipi, shemeji?"

"Kahawa yako. Unayosaga."

"Mimi?" Alicheka kwa adabu. Akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, ukatulia kama rula. "Shemeji, mkono huu unashika wembe kwenye shingo za watu. Nikinywa kahawa unacheza. Tangu nianze kunyoa sijaigusa. Dukani kwangu hakuna hata kijiko chake."

Bi Sindano alikaa. Akakumbuka ule unga wa gazetini, akalitazama lile kopo lake kuukuu kwenye rafu. Kopo nalo likamtazama.

"Basi mume wangu anakuja kufanya nini kwako?"

"Si analala!" alisema kinyozi, bila hila yoyote. "Nilidhani unajua. Nina kile kiti cha kulaza nyuma. Akifika tu anapanda, ananiomba nimfunike shuka la kunyolea mpaka kidevuni, basi. Wateja wamemzoea. Ila juzi juzi alikuwa anajigeuza tu, usingizi haumchukui, nikadhani anaumwa. Leo amezima kama taa. Ndiye mlinzi niliyemwacha."

Bi Sindano alifunika mdomo kwa khanga. Mabega yakaanza kutikisika. Dereva, yule aliyeapa mbele ya wakwe kwamba katika maisha yake ya barabarani hajawahi kusinzia jua likiwa juu! Aliyemcheka yeye kila aliposinzia kichwa kikagonga cherehani! Kumbe mpinzani aliyemhangaisha hakuwa kahawa. Ni usingizi tu. Na usingizi angempa, hata mto ulikuwepo.

Nyayo zikasikika uani.

"Shemeji," alinong'ona, "hebu vaa koti, simama kule nyuma ya magauni. Usitoke mpaka nikuite. Ni mambo ya vipimo."

Kinyozi, mtu wa kusikia, akaenda. Mlango ukafunguka. Dereva aliingia akijinyoosha, shavu moja limekunjamana kama nguo iliyosahauliwa kapuni.

"Umerudi, baba watoto. Kahawa ilikuwaje leo?"

"Aa, ya leo imepita kiasi," alisema Dereva, akajibweteka juu ya mto. "Kinyozi amesaga mwenyewe, krrr, krrr, akanimiminia kwa mkono wake. Tumeongea mpaka sauti imenikauka."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi natoka kwake."

"Na yeye umemwacha wapi?"

"Nimemwacha pale pale dukani," alisema Dereva. "Anaosha vikombe."

Nyuma ya magauni, kinyozi alikohoa.