Nta Nyeupe Kwenye Boneti

Mshonaji alirudi kutoka sokoni na mfuko wa vitambaa begani, akafungua geti, akasimama palepale. Mumewe alikuwa uani, suruali kaikunja hadi magotini, anaosha gari.

Haikumwingia akilini. Mume huyu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, na miaka yote alisema hawezi kushinda na usukani kazini kisha aje kuuogesha nyumbani. Gari lao liliachiwa mvua. Leo, siku ya kazi, kuna ndoo mbili za povu, sponji mpya, na kopo la nta ambalo hajawahi kuliona.

"Kulikoni? Huendi kazini?"

"Nimepewa mapumziko." Alijibu kichwa kakiinamisha upande, macho yakiwa ukutani. "Karibu, mke wangu. Pole na jua."

Pole na jua? Tangu lini?

Aliingia ndani, akaketi kwenye cherehani, akashona mkono wa gauni la mteja nje ndani. Akaufumua. Akaushona vilevile tena. Mwishowe akampigia simu wifi yake.

"Wifi, kaka yako anaosha gari."

Wifi alicheka mpaka akakohoa. "Kaka yangu huyuhuyu? Kwa mikono yake?"

"Na nta anapaka."

Kicheko kikakatika. "Mh! Mwanamume akianza kung'arisha gari, ama analiuza, ama kuna mtu anataka kumpakia. Mchunguze."

Mshonaji akakata simu, moyo unamwenda mbio kuliko kabla hajapiga. Akasimama dirishani. Kama ni mwanamke, mbona kavaa fulana yenye matobo? Kama ni mnunuzi, mbona anapapasa mlango taratibu hivyo, kiganja cha kushoto kikitangulia na kitambaa kikifuata, kama mtu anayemkanda mtoto tumbo? Kila alilowaza halikushikana na jingine.

Akatoka uani. Mumewe alirudi nyuma hatua kadhaa, akajifuta jasho.

"Limeng'aa, eeh?"

Milango iling'aa kweli. Lakini katikati ya boneti nta ilikuwa imekauka nyeupe, doa pana kama sinia, naye alikuwa amefuta pembeni tu.

"Limeng'aa," mshonaji akasema, maana hakujua aseme nini. Alimtazama usoni akitafuta utani, hakuuona. Akaokota kitambaa kikavu, akamnyooshea. "Basi malizia na hapa."

"Hapa wapi?"

"Si hapo mbele yako!"

Mume akanyoosha mkono kupokea kitambaa, akashika hewa. Akashika tena hewa. Kisha akaushusha mkono.

"Unanichezea?" mke akauliza, na sauti yake ikamtoka ndogo.

"Sikuchezei." Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Katikati ya macho pana kiza. Nikikitazama kitu, hichohicho ninachokitazama ndicho kinachopotea. Nakuona nikigeukia ukuta. Daktari wa macho amesema nisiendeshe tena. Jana nimerudisha funguo kazini."

"Jana! Na jana umekula, ukacheka na taarifa ya habari kwenye runinga..."

"Nilikuwa naisikiliza."

Mshonaji alitaka kumfokea, akataka kumkumbatia, akajikuta anauliza swali la kipuuzi kuliko yote: "Sasa gari unaliosha la nini?"

"Leseni unayo. Utaendesha wewe. Nikasema nikukabidhi likiwa safi." Akapapasa ukingo wa ndoo aliyoikalia. "Na nilitaka nilijue kwa mikono, kabla sijabaki abiria."

 Mshonaji akalifuta lile doa kwa kitambaa kilekile, kwa nguvu zake zote, machozi yanamtiririka wala hajui kama ni ya hasira au ya huruma. Alimwambia wataenda kwa daktari mwingine. Mume akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mtoto.

Alasiri waliondoka kwenda kwa wifi, wamwambie ana kwa ana. Mshonaji alikaa kwenye usukani. Gari likazima getini, likaruka, likazima tena. Zamani mumewe angekwisha kumpokonya gia. Sasa aliweka mikono magotini, uso kaugeuzia dirishani, na mkewe hakuweza kujua kama anatazama barabara au anamtazama yeye.

"Kulia kuko wazi?" akauliza kwa mazoea, kisha akajing'ata ulimi.

"Angalia mwenyewe, mama," mume akasema polepole. "Mimi sijui."

Akaangalia kulia, kushoto, kulia tena. Kisha akatia gia.