Kipaza Anatolewa Nje

Siku aliyoiogopa Meja ilifika Jumanne, wabunge walipotoka kunywa chai na kurudi ukumbini.

Jeshini alishastaafu. Sasa alikuwa mpambe wa Bunge: anavaa koti refu jeusi na glavu nyeupe, anamtangulia Spika akiwa amebeba siwa, lile rungu zito la fedha, analiweka mezani, kisha anakaa karibu na mlango na kufunga mdomo. Mkewe humtania, "Mume wangu kapewa kazi ya bibi harusi. Unatembea polepole, watu wanasimama, basi." Naye hucheka. Lakini kazi ile ina upande wa pili. Spika akisema mbunge atoke, na mbunge akagoma, mpambe ndiye wa kumtoa.

Na aliyegoma siku hiyo alikuwa Kipaza.

Kipaza alikuwa kamanda wake jeshini. Askari walimbandika jina hilo kwa sababu ya sauti. Akikohoa ofisini, uwanja mzima ulisimama wima. Ndiye aliyemfundisha Meja kazi, na ndiye aliyembeba mgongoni siku alipopigwa risasi ya mguu. Sasa ni mbunge, mzee, na amemwita waziri mwizi. Kaambiwa afute kauli, hataki. Kaambiwa atoke, kakunja mikono.

"Mpambe, mtoe mheshimiwa," alisema Spika. "Na kama kazi imekushinda, sema tutafute mwingine."

Meja akapita katikati ya viti mpaka alipokaa mzee. Kipaza hakumtazama hata usoni. Alinguruma tu:

"Meja! Nyuma... geuka!"

Na Meja akageuka. Hakuamua. Visigino viligongana, mwili ukazunguka wenyewe, akajikuta anatazamana na wabunge wa upande wa pili. Ukumbi ukaangua kicheko. Watu walipiga meza. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mbele tembea! Kushoto, kulia!"

Masikio yalimwaka moto. Akipiga hatua moja tu, kazi kwaheri, na hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba angebaki mtu wa kuendeshwa na sauti ya mwenzake mpaka kaburini. Akasimama palepale, akawaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha akageuka tena, polepole, kama raia.

Akamwinamia mzee sikioni.

"Afande, amri hii si yako wala si yangu. Inuka twende."

"Utanigusa wewe? Mimi niliyekubeba?"

"Nitakugusa."

Akamshika mkono. Ndani ya suti ile pana hamkuwa na mtu mkubwa. Mkono ulikuwa mwembamba, na ulitetemeka. Si kwa hasira, ulitetemeka tu, kwa ugonjwa. Kumbe ndiyo maana alikunja mikono.

"Usinivute," Kipaza akanong'ona. Sauti yote ilikuwa imekwisha. "Nikivutwa nitaanguka. Ngoja nisimame mwenyewe."

Meja akajisogeza akaziba kamera za runinga kwa mgongo wake, mpaka mzee akapata miguu. Wakatoka.

Nje, kwenye korido, Kipaza alivuta koti lake likae sawa. "Nipigie saluti niondoke."

"Humu hakuna saluti, afande. Sina hata kofia. Jumapili nitakuja nyumbani kukuamkia."

"Usije. Umenidhalilisha mbele ya vitoto."

"Wewe ulianza."

Mzee akamkazia macho, kisha akaondoka zake.

Jumapili Meja alikwenda. Akaambiwa getini kwamba mzee amelala, saa nne asubuhi. Jumapili iliyofuata akaenda tena, na safari hii Kipaza alifungua mwenyewe, amevaa kandambili.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Mama yako humu ndani kasema nikikufukuza tena, leo nakula kwa jirani. Ingia."

Mama, mke wa mzee, alileta birika akataka kumimina. Kipaza akamzuia, akamimina mwenyewe. Nusu ya chai ikaishia kwenye sahani. Hakuomba radhi wala hakuficha mkono, na Meja akanywa iliyobaki.