Siku Nne za Ziwani

Nilikuwa na haki ya kukasirika. Hilo nalisema mapema, kwa sababu katika familia yetu mwenye hasira husikilizwa mwisho, baada ya wapole wote kumaliza kuharibu.

Mimi ni karani wa chumba cha upasuaji. Napanga nani anapasuliwa saa ngapi, na daktari gani, kwenye meza ipi. Kati ya mgonjwa na mgonjwa naacha mstari mtupu wa nusu saa, ili sakafu ipigwe deki, vifaa vibadilishwe na wauguzi wavute pumzi. Mstari ule hauandikwi kitu, na kazini kwetu kila mtu anajua kuwa mstari mtupu hauguswi. Madaktari wapya hujaribu. Huja dirishani kwangu na tabasamu, "Dada, mgonjwa wangu ni wa dakika kumi tu," nami huwaambia dakika kumi zao wakazitafute kwingine.

Kwa hiyo nilipopanga safari yangu na mama, niliipanga hivyohivyo. Nchi tatu, vituo vinne, siku kumi na mbili, katika majira ya kuchipua. Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini, na ukutani pale jikoni palikuwa na kalenda yenye picha ya miti iliyojaa maua bila jani hata moja. Siku zote alisema ile picha ni ya uongo. Nilitaka aende akaone kwa macho yake. Siku tatu jiji kubwa, siku tatu mji wa bustani, siku nne kimji kidogo kando ya ziwa, siku mbili kwenye jiji la kupandia ndege ya kurudi. Kwenye zile siku nne za ziwani sikuandika kitu. Niliacha mistari minne mitupu.

Sababu yake naijua na siifichi. Sijawahi kukaa na mama yangu siku nne. Tulizaliwa sita, mimi ni wa tano. Nilipokuwa na miaka saba nilipelekwa kwa mama mkubwa, dada yake mama, nikaambiwa ni likizo. Likizo hiyo iliisha nina miaka kumi na tisa. Wenzangu watano walibaki nyumbani, na hakuna aliyenieleza kwa nini mimi. Mama nilikuwa namwona kwenye harusi na misiba, yuko nyuma ya sufuria, watu wamemzunguka, ananipa sahani na kuniambia nimekuwa mkubwa. Mama mkubwa alinilea vizuri, sina neno naye. Lakini mama aliyenizaa nilikuwa bado sijamfaidi, na sasa ana miaka sabini na mbili.

Kosa langu ni moja. Niliituma ile ratiba kwenye kundi la familia kwenye simu. Nilitaka kuuliza tu kama kuna mwenye sanduku la magurudumu la kuniazima.

Kumbe kwa watu wetu mstari mtupu ni nafasi. Chai yangu haijapoa, kaka yetu mkubwa, tunayemwita Mwenyekiti kwa sababu hajawahi kuona jambo asiliitie kikao, akaandika: "Naona hapa katikati kuna siku nne hazina kazi." Mjomba akadakia kuwa mtoto wa rafiki yake anasoma mji ulio mwendo wa saa tano kwa treni kutoka hapo ziwani, basi mama akamsalimie na ampelekee viatu. Wifi, mke wa Mwenyekiti, akasema kama tunakaa bure si tumtafutie mapazia. Hadi jua linazama safari yangu ilikuwa na kamati, na mimi mwenye safari nimekuwa mjumbe wa kawaida.

Nikaandika: "Hizo siku zimeachwa makusudi."

Mwenyekiti akajibu: "Makusudi ya nini?"

Nikaandika: "Kupumzika."

Mjomba akatuma kidole gumba, kisha akaendelea kuuliza sanduku linabeba jozi ngapi za viatu.

Damu ilinichemka. Watu hawa walikuwa na mama miaka yote. Walikula kwake, walilala kwake, walimsumbua kwa surua na mitihani na wachumba, na bado siku nne zangu wanazigawana mbele ya macho yangu kama mkate. Kesho yake kazini daktari wa mifupa alikuja dirishani na tabasamu lake. Nilimjibu vibaya kiasi kwamba alirudi baadaye kuomba radhi, na maskini hakuwa amefanya kitu.

Miadi yetu ya ubalozini ilikuwa Jumanne. Fomu ilitaka iandikwe kila siku tutalala wapi, na ikishapokelewa haibadilishwi. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa mama kukata maneno. Sikuwa na shaka kuwa yuko upande wangu. Mama si mtu wa kubishana, nikajua hawa wanamburuza tu na yeye anaitikia ili yaishe.

Nilimkuta jikoni. Kastaafu mwaka wa sita huu, lakini mikono yake haijapata taarifa. Hajui kupika chakula cha watu wawili. Akijaribu anakosea chumvi, kwa hiyo hupika sufuria nzima na kuita majirani. Sufuria ilikuwa motoni na yeye kakaa mezani, miwani puani, kalamu mkononi. Mbele yake ilikuwa ratiba yangu. Mtu alikuwa amemchapishia.

Nikainama nisome. Mistari yangu minne ilikuwa imejaa, na mwandiko haukuwa wa Mwenyekiti wala wa mjomba. Ulikuwa wake, zile herufi kubwa alizokuwa akiandikia makopo ya stoo. Siku ya kwanza: treni, viatu. Siku ya pili: kurudi, mapazia. Siku ya tatu: basi la watalii, kutwa. Siku ya nne: sokoni na kufunga mizigo. Na pembeni, kutoka juu hadi chini, siku zote nne, ameandika: NA DADA.

"Mama, hii ni nini?"

"Nimekusaidia. Ulikuwa umesahau hapa katikati."

"Sikusahau. Nimeandika kwenye kundi kwamba ni makusudi, na wote mmesoma."

"Nilisoma," alisema.

"Na huyu dada?"

"Mama yako mkubwa. Nimemwomba atukute ziwani, na amekubali. Visa anayo, ile aliyopewa alipokwenda kwa mwanawe."

Nilivuta kiti nikakaa, maana kusimama kulikuwa kunanipandisha mori zaidi. Nikamwuliza kama ameona pale juu ya karatasi nimeandika watu wangapi. Nikamwambia ni wawili. Nikamwambia sikuomba viatu, sikuomba mapazia, sikuomba basi, na kama ningetaka kusafiri na mama mkubwa ningekwenda naye, tumeishi naye miaka kumi na miwili. Nilisema mengi. Nilisema kuwa maisha yangu yote nimempata mama kwa zamu, na zamu yangu ikifika kuna mtu anaikalia, na leo nakuta anayeikalia ni yeye mwenyewe.

"Unapiga kelele," alisema.

"Ndiyo, napiga."

Akavua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni, akachukua muda mrefu kuifuta.

"Dada anajua kukaa na wewe," alisema. "Ukinyamaza anajua kama umenuna au umechoka. Mimi sijui. Nilitaka awepo mtu wa kuniambia."

Nilikuwa na maneno mengine tayari mdomoni, yakanipotea. Lakini hasira haikwenda nayo. Nikamwuliza kama hajui, hilo ni kosa la nani. Sikuwahi kumsemesha mama hivyo, na nilipomaliza nilisubiri anifukuze.

Hakunifukuza. Aliinuka akakoroga sufuria, akazima jiko, ingawa chakula kilikuwa hakijaiva. Akabaki amesimama pale, mgongo kwangu.

"Hilo ndilo ninalolikimbia," alisema. "Siku nne. Hakuna treni, hakuna duka, hakuna wa kupikiwa. Mimi na wewe na maji. Utaniuliza."

"Nitakuuliza nini?"

"Usijitie hamnazo, mwanangu. Sita. Kwa nini wewe."

Miaka yote hiyo nilidhani swali lile ni langu peke yangu. Nililibeba shuleni, nikalibeba chuoni, nikalibeba hadi kwenye kiti changu cha ukarani, na sikuwahi kulitamka hata kwa mama mkubwa. Kumbe na yeye alikuwa nalo pale jikoni, na kila nilipokuja alikuwa akinipa sahani haraka nisije nikafungua mdomo. Na kilichoniudhi kupita yote ni kwamba Mwenyekiti alikuwa ameuliza sawasawa. Makusudi ya nini? Nilijibu kupumzika. Nilidanganya kundi zima. Niliacha mistari ile mitupu ili nimpate mama mahali asipoweza kuniambia subiri, chakula kinaungua.

"Nikuulize sasa?" nilisema.

"Hapa hapana. Hapa wanaingia na kutoka, sitafika katikati." Akageuka. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ileile ya kuwaita watoto mia tatu mezani. "Si kwamba sina jibu. Ninalo. Si zuri."

Nikachukua kalamu. Nikakata treni na viatu. Nikakata mapazia, nikakata basi la watalii kwa nguvu hadi karatasi ikachanika, nikakata soko. Nilipofika pembeni kwenye NA DADA nikasimama, nikamsukumia kalamu. Alikaa, akalikata mwenyewe taratibu kutoka juu hadi chini, halafu akasema atampigia simu dada yake, nisimpigie mimi.

"Na mjomba na viatu vyake?"

"Huyo mwachie mimi. Akatafute posta."

Nikaanza kujaza fomu ya ubalozi palepale mezani. Yeye alikuwa akisoma kila ninachoandika, na mimi nilikuwa bado nimekunja uso. Nilipofika siku ya saba, ya kwanza ya ziwani, akaweka kidole juu ya karatasi.

"Utaniuliza, na nitakujibu," alisema. "Ila nakuomba, usiniulize siku hii."

"Kwa nini?"

"Nataka kwanza tukae kidogo, kama mtu na mama yake. Ukishajua, huenda usitake tena."

Hasira ilikuwa bado ipo. Nikamwambia nitamuuliza siku ya nne.